Jinsi ya Kuzuia Maji Yanayovuja kwenye Shikio la Yoti Kongwe ya Injini

Msimu wa wageni unapokaribia na wenye boti wanapoanza kuzitayarisha, swali ninaloulizwa huwa ni lile lile. Maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, yanaongezeka, pampu inafanya kazi usiku kucha, fundi wa injini ameziangalia shafti za rafadha (panga boi) na kusema hazina neno. Basi maji yanatoka wapi? Mara nyingi yanatoka nyuma kabisa, katika chumba kidogo cha tezi ambacho hakuna anayependa kuingia, pale ambapo mti wa shikio unapita kwenye tundu la sakafu ya boti.

Si ajabu kwamba jambo hili huwashinda hata watu waliokulia baharini. Shikio la jahazi huning'inia nje, kwenye fashini, na halihitaji tundu lolote chini ya maji, hivyo nahodha aliyekwenda Pemba na kurudi miaka thelathini hakuwahi kulazimika kuliwazia. Yoti za injini zina mpango mwingine, na nyingi ya zile zinazotufikia hapa Unguja ni kongwe zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akiwa ameacha kiraka chake.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Shikio ni lile bapa lililo majini. Mti wa shikio ni chuma cha mviringo kinachopanda kutoka kwenye bapa na kuingia ndani ya boti. Bomba la shikio ni mwanzi uliojengewa kwenye sakafu ya boti ambamo mti huo hupita. Kana ni mkono uliofungwa juu ya mti, ambao husukumwa na silinda ya mafuta au kuvutwa na kebo. Kinachozuia maji kati ya mti na bomba ni mojawapo ya vitu viwili: ama glandi iliyojazwa pakingi, yaani kamba yenye mafuta inayobanwa kuuzunguka mti, ama sili za mpira zenye mdomo, za jamaa moja na zile za magari. Boti za zamani zaidi huwa na glandi.

Kabla ya kununua chochote

Kosa kubwa la wanaoanza ni kukimbilia dukani. Sili ya shikio haizunguki kama ya shafti ya injini; inageuka takriban nyuzi 35 kila upande, polepole, na ilipaswa kudumu miaka mingi. Ikiwa imevuja mapema, kuna kitu kimeiharibu, na usipokitafuta kitu hicho, sili mpya itavuja kama ile ya zamani. Kwa hiyo anza hivi, boti ikiwa bado majini.

1. Futa chumba cha tezi hadi kikauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chokaa au podari kuzunguka kila bomba la shikio. Keti uangalie kwa tochi. Maji yatachora njia yake kwenye unga, nawe utajua kama yanatoka juu ya glandi, kwenye maungio ya bomba na sakafu ya boti, au yanatiririka kutoka juu kwenye deki na kujificha hapo.

2. Yaonje maji hayo. Maji baridi yasiyo na chumvi ni ya mvua, ya tangi au ya kiyoyozi, na katika hali hiyo mwongozo huu haukuhusu.

3. Mwombe mwenzako azungushe gurudumu la usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku wewe umeuwekea mti kidole. Angalia kama unakwenda kando, si kugeuka tu. Kwenye glandi ya pakingi, mchezo unaozidi milimita moja hivi unakuambia kwamba bushi, ile pete inayoushika mti ndani ya bomba, imekwisha. Kwenye sili za mdomo, hata nusu milimita ni nyingi.

4. Ikiwa hakuna tone boti inapokaa nangani, toka nayo uende kwa kasi dakika kumi, kisha angalia tena. Boti nyingi za injini huzama tezi zinapoongeza kasi, na mdomo wa bomba uliokuwa juu ya maji huingia chini yake. Hapo ndipo unapoambiwa na mwenye boti kwamba inavuja mchana tu.

Ukikuta maji yanapenya kwenye maungio ya bomba na faiba, usiguse sili. Huo ni ufa wa mwili wa boti, na kazi yake ni ya fundi wa faiba juu ya chelezo, yaani pale boti inapopandishwa nchi kavu. Vilevile, boti nyingine zina kipande cha hosi nene kati ya bomba na glandi. Hosi iliyopasuka au klampu iliyoliwa na kutu huvuja kwa namna ile ile ya glandi mbovu, na hubadilishwa kwa fedha kidogo sana. Iangalie hosi hiyo kabla ya kitu kingine.

Unachohitaji

Utahitaji spana mbili zinazofaa nati za glandi (moja ya kushikia, moja ya kugeuzia), kifaa cha kupimia cha vernia, kisu chenye makali mapya, msasa laini wa namba 400 au zaidi, grisi isiyoyeyuka kwa maji ya bahari, tochi ya kichwani, matambara mengi, na kulabu ya kutolea pakingi. Kulabu hiyo ukiikosa, skurubu ya mbao iliyochomelewa kwenye waya mgumu hufanya kazi vilevile. Andaa pia nguruzi ya mti laini iliyochongwa kwa umbo la karoti, yenye unene wa kuziba bomba lako, na ifungwe kwa kamba palepale unapofanyia kazi. Tundu la milimita 38 lililo sentimita 30 chini ya usawa wa maji huingiza karibu lita 100 kwa dakika, na pampu ndogo za ngama hazifikii kiwango hicho.

Vipimo vinahitaji uangalifu wa peke yake. Yoti zilizotengenezwa Marekani hutumia inchi, na maduka yetu huuza kwa milimita. Mti wa inchi moja na nusu ni milimita 38.1, nao hukubali sili ya 38 bila ugomvi. Lakini muuza duka asiye na 38 atakushawishi uchukue 40, akikuambia kwamba mpira utabana. Hautabana. Kwa pakingi, inchi tano za kumi na sita ni karibu sawa na milimita 8, na inchi tatu za nane ni milimita 9.5, ambayo haiwi 10 isipokuwa ukiipiga nyundo hadi iharibike. Usipoipata saizi yako mjini, agiza Kariakoo ije na boti ya kasi, na uisubiri.

Wapi na lini

Kubadilisha pakingi kunaweza kufanyika boti ikielea, mradi mdomo wa glandi uko juu ya usawa wa maji. Kama uko chini kidogo tu, hamishia omo mizigo yote, madumu ya mafuta, minyororo ya nanga na hata watu, tezi iinuke. Pima mara mbili kabla ya kufungua.

Ikiwa haitoshi, bahari yetu ina msaada wake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne, nayo hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hiyo hukupa kama saa nne za kazi kavu ikiwa umeipandisha boti mahali pazuri. Chagua mchanga mgumu. Tope la mikokoni, kama lile la hori nyingi za upande wa magharibi wa Pemba, litaimeza boti na kuishika, na maji yatakurudia kabla hujafunga nati. Onyo lingine ni la yoti zenye injini mbili: nyingi hazina mkuku (uti wa chini) wa kuzibeba, na zikikaa chini, uzito wote huangukia rafadha na mashikio yenyewe. Boti ya namna hiyo usiiache ipwelewe bila magogo ya kuikalia na mihimili ya kuiegemeza pande zote mbili.

Kutoa shikio zima ni kazi ya chelezo. Nimewaona waliojaribu kuimaliza kati ya kupwa na kujaa, na walioweza walikuwa na bahati kuliko akili.

Kubadilisha pakingi ya glandi

Jaribu kwanza kukaza. Geuza kila nati robo mzunguko, kwa zamu, bapa la glandi (si lile la shikio, bali kifuniko kinachoikandamiza pakingi) likishuka sawasawa bila kulala upande mmoja, kisha subiri. Uvujaji ukikoma na usukani ukabaki mwepesi, kazi imekwisha kwa sasa. Lakini bapa likiwa limekwisha kufika chini, pakingi imekufa na lazima itoke.

1. Zima pampu ya usukani unaojiendesha na uondoe ufunguo, mtu asije akageuza gurudumu vidole vyako vikiwa ndani. Fungua vifuniko vyote vya chumba cha tezi kiingie hewa, hasa kama betri zimewekwa humo.

2. Legeza nati za kufungia, kisha nati za bapa, na ulipandishe bapa kwenye mti. Lifunge kwa kamba huko juu. Maji yakianza kuingia kwa kasi kuliko ulivyotarajia, lirudishe na ukaze, usibishane nayo.

3. Ng'oa pakingi ya zamani duru moja baada ya nyingine, ukizihesabu. Kulabu iingie kwenye pakingi, isiuguse mti, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa wima ni mfereji ambao maji yataufuata kila siku. Duru ya mwisho huwa ngumu kama jiwe na wengi huiacha wakidhani ni sehemu ya chuma. Chokonoa taratibu hadi uone shaba safi chini.

4. Safisha mti kwa tambara na uupitishe ukucha. Vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano vinaonyesha kwamba chuma cha pua kimeliwa pale kilipokaa bila hewa chini ya pakingi yenye maji yaliyotuama. Vichache vilainishe kwa msasa ukizungusha, kamwe usisugue juu na chini. Vikiwa vingi, ruka hadi sehemu inayofuata.

5. Pima kipenyo cha ndani cha glandi, toa kipenyo cha mti, gawa kwa mbili. Glandi ya milimita 54 yenye mti wa 38 huhitaji pakingi ya milimita 8. Usipime pakingi ya zamani, maana imekwisha kubanwa na inakudanganya.

6. Zungusha pakingi mpya kwenye kipande cha bomba chenye unene ule ule wa mti, na ukate duru kwa mshazari ili ncha mbili zilaliane. Kwa mfano wetu, duru nne hula kama sentimita 58. Nunua mita moja kwa kila shikio. Wapo wanaoingiza kamba nzima kwa kuizungusha kama chemchemi ili kuokoa muda. Maji hupanda kwenye mzunguko huo kama mtu anayepanda ngazi.

7. Paka grisi kila duru, iingize, ikandamize hadi chini kwa kipande cha mti au bomba la plastiki lililopasuliwa, kisha weka inayofuata huku ukisogeza maungio theluthi moja ya mzunguko, yasipangane.

8. Rudisha bapa na ukaze kwa mkono tu, halafu robo kwa robo kwa spana, huku mwenzako akigeuza usukani. Simama unapohisi uzito unaanza.

9. Kesho yake, boti ikiwa majini, kaza tena kidogo na ufunge nati za kufungia.

Hapa nieleze jambo linalochanganya wengi. Umesikia kwamba glandi ya shafti ya rafadha inapaswa kudondosha matone mawili au matatu kwa dakika. Hiyo ni kweli kwa shafti ya rafadha, kwa sababu inazunguka kwa kasi na maji huipoza. Shikio halipati moto. Glandi yake inapaswa kuwa kavu, na fundi anayekuambia uache tone la kawaida amechanganya habari mbili.

Kubadilisha sili za mdomo

Hapa, mara nyingi, shikio lazima lishuke, na boti iwe juu ya chelezo. Pima kwanza urefu wa mti kutoka juu hadi kwenye bapa: nafasi chini ya shikio iwe ndefu kuliko huo. Chelezo kikiwa chini, chimba shimo kwenye mchanga, ni kazi ya nusu saa na jembe.

1. Piga alama kwa patasi ndogo kwenye kana na kwenye mti, alama zikikabiliana. Piga picha pia. Kama mashikio ni mawili, usiuguse urefu wa fimbo inayoyaunganisha. Pembe zake ziliwekwa kwa makusudi, na boti iliyopotezewa pembe hizo itavuta upande siku zote.

2. Liegemeze shikio kwa jeki na magogo kabla ya kulegeza kitu chochote juu. Shikio la yoti ya wastani linaweza kuvunja mguu.

3. Tenga silinda au kebo, toa waya wa zinki (unaouunganisha mti na kipande cha zinki), legeza bolti za kana, na uitunze ile kabari ndogo ya chuma kati ya kana na mti, kwani hupotea ndani ya ngama kila mara. Shusha shikio taratibu.

4. Ng'oa sili na usome namba zilizoandikwa juu yake. Sili iliyoandikwa 40-55-8 ni ya mti wa milimita 40, nyumba ya 55, na unene wa 8. Kumbuka zilivyokaa: mdomo wenye springi hutazama maji.

5. Unaponunua, uliza springi ni ya chuma gani. Sili za magari hutoshea vizuri na bei yake hupendeza, lakini springi yake ya kawaida hushika kutu baharini, hukatika, na mdomo hulegea. Nilijifunza hilo kwa boti yangu mwenyewe, niliyoishusha chelezo na kuipandisha tena kabla ya mwaka kuisha. Tafuta yenye springi ya chuma cha pua.

6. Kagua mti pale sili ilipokuwa ikikaa. Ukiona mfereji uliochimbika, dawa rahisi ni kuweka pete nyembamba nyuma ya sili ili mdomo usogee milimita chache na kukaa kwenye chuma kizima. Ukiwa umeharibika sana, mpelekee fundi wa kukereza aujaze kwa kuchomelea na kuukereza upya.

7. Bushi ikihitaji kubadilishwa, fundi wa kukereza atapendekeza nailoni kwa kuwa anayo. Mkatalie. Nailoni hunywa maji na kuvimba, na shikio lililoingia kwa ulaini juu ya chelezo huwa zito baada ya wiki kadhaa baharini. Shaba nyeusi au plastiki ya asetali hazikuletei taabu hiyo.

8. Paka grisi mdomo wa sili, ujaze grisi kati ya sili mbili zinapokuwa mbili, na uvike ncha ya mti karatasi laini ya plastiki wakati wa kupandisha, mfereji wa kabari usije ukaukata mpira. Sili nyingi mpya hufa katika dakika hii.

9. Rudisha kana kwa alama zako, waya wa zinki, na fimbo. Geuza usukani mwisho hadi mwisho kabla boti haijashushwa.

Mambo yakienda kombo

*Usukani umekuwa mzito.* Umekaza kupita kiasi, au umekaza upande mmoja. Legeza nati zote nusu mzunguko na uanze upya. Kama ulibadilisha bushi, shuku bushi.

*Glandi mpya inavuja siku ya kwanza, kisha inakauka.* Ni kawaida, pakingi inajipanga. Ikiendelea hadi siku ya tatu, rudi kwenye hatua ya kupima.

*Inavuja shikio likigeuzwa upande mmoja tu.* Mti unasukumwa kando. Hakuna pakingi itakayoponya hilo, bushi ndiyo mgonjwa. Angalia pia kama mti umepinda, hasa ikiwa boti iliwahi kugonga mwamba.

*Glandi ina nipeli ya grisi na mtu anakushauri uipige hadi maji yasimame.* Kwenye glandi ya pakingi, mikupuo miwili au mitatu inafaa. Kwenye sili za mdomo, shinikizo la bomba la grisi linaweza kuupindua mdomo, na utakuwa umeitoboa kwa mkono wako.

*Mtu amezungushia silikoni juu ya glandi.* Ikwangue yote. Mti unaogeuka huivunja silikoni siku ile ile, na vipande vyake huishia kwenye pampu ya ngama, ambayo hukwama wakati ule ule unapoihitaji.